Jibu la Damu na Kiapo cha Beberu

Naandika kwa ajili ya mtu aliyeketi sasa hivi kwenye benchi la kliniki, ameshika karatasi iliyokunjwa mpaka imekuwa ndogo kama kipande cha sabuni, na karatasi hiyo inamwambia ana ugonjwa asioweza kuutaja mbele ya mama yake. Nami nililikalia benchi hilo. Nilisoma kila tangazo lililobandikwa ukutani na hakuna hata moja lililozungumza nami. Kwa hiyo nitasimulia mambo yalivyofuatana, na msomaji atachukua kinachomfaa.

Nilizaliwa Kanja, upande wa Embu, nikaolewa Laare, juu kwenye milima ya Nyambene. Mume wangu Murithi alinunua miraa kwa wakulima na kusafiri nayo hadi Nairobi. Mimi nilifundisha darasa la nne. Binti yetu, Kendi, alikuwa ndiyo kwanza ameanza kutembea. Majirani walisema nyumba yetu ina amani, nasi tuliamini hivyo.

Ugonjwa ulianza na mvua, ile ya El Nino iliyobomoa madaraja. Kwa kawaida Laare ni ukungu na baridi, na mbu si wengi. Mwaka ule mbu walipanda mlima pamoja na maji, na kila aliyeumwa kichwa akajiita mgonjwa wa malaria. Na kwetu ukitetemeka kidogo huendi kupimwa, unakwenda dukani.

"Mwalimu, hiyo ni malaria," mwenye duka aliniambia akinikatia tembe tatu. "Hizi unameza zote mara moja. Kunywa na chai ya maziwa, kesho uko darasani."

Kesho yake sikuwa darasani. Homa ilikuwa imepungua, lakini mahali ambapo mwanamke hapaonyeshi palikuwa panawaka kama pamemwagiwa pilipili. Yalitoka malengelenge, yakapasuka, yakawa kidonda. Kwenda haja ndogo kulinitoa machozi. Nyuma ya mkono wa kushoto, chini ya kidole gumba, kulikuwa na duara jekundu lililowasha, ukubwa wake kama sarafu. Sikulijali. Nani hujali mkono wakati kama huo?

Nilipona polepole, kwa maji ya chumvi na kunyamaza. Nilimwambia Murithi ni mambo ya wanawake.

Mvua ndefu za mwaka uliofuata zilileta homa nyingine, nikameza tembe nyingine, na kidonda kikarudi palepale. Mwezi wa saba, katika baridi ile ya kukauka vidole, nikameza tena kwa homa ya tatu, nacho kikarudi mara ya tatu kikiwa kikali zaidi. Sasa ngozi ya pale ilikuwa imebaki nyeusi. Nilikaa upande mmoja wa kiti mbele ya wanafunzi, na mtoto mmoja akauliza, "Mwalimu, umechomwa na mwiba?" Darasa zima likacheka. Nikacheka nao, kisha nikaomba ruhusa kwa mwalimu mkuu na kwenda Meru mjini.

Kliniki niliyoenda ilikuwa na mlango mmoja ambao kila mtu aliujua. Haukuandikwa kitu, ila wanawake waliosubiri nje yake walikaa wakitazama ukuta na si barabara, na wanaume walisimama mbali kidogo kana kwamba wanamngoja mtu mwingine. Ndani alikuwamo mhudumu mwenye koti jeupe ambaye sote tulimwita daktari. Aliangalia haraka, akageuka kunawa mikono.

"Mume wako hufanya kazi gani?"

"Miraa. Hupeleka Nairobi."

"Ah," akasema. Akacheka kidogo akijifuta mikono. "Basi."

Kwa neno hilo moja alikuwa ameshauamua ugonjwa wangu. Nilidungwa matakoni sindano za magonjwa ya zinaa zilizonifanya nichechemee siku nzima. Kidonda hakikushtuka. Nikaambiwa basi itakuwa ni herpes, yale malengelenge ya sehemu za siri, na kwamba ingefaa damu yangu na ya mume wangu ipelekwe maabara Nairobi. Nilijaribu kumwonyesha mkono. "Na hii pia huwasha wakati uleule," nikasema. Akanijibu, "Mama, tushughulike na kubwa kwanza."

Murithi alikubali kutoa damu bila kubishana, na hilo lilinisumbua zaidi kuliko kama angekataa.

Majibu yalichukua muda. Kusubiri kule kulikuwa na uzito wake, maana miaka ile ukimwi ulikuwa umeingia kila boma, na hakuna aliyezungumza juu ya damu bila kuufikiria. Nilikuwa napima mikono ya Kendi kwa vidole vyangu nione kama anakonda. Siku tuliyoitwa, mhudumu alianza na habari njema: ukimwi, hatuna, sisi wote wawili. Nilipumua mpaka nikasikia kizunguzungu. Halafu akaendelea. Herpes, tunayo. Sisi wote wawili.

"Mmoja amemletea mwenzake," akasema. "Huu ugonjwa hautembei peke yake."

Tulipofika nyumbani Murithi alifunga mlango.

"Wawira, sema ukweli."

"Sema wewe. Nani hulala Nairobi?"

"Mimi hulala juu ya magunia ya miraa!"

"Magunia hayatoi malengelenge."

"Niangalie basi. Sina kidonda. Sijawahi kuwa na kidonda. Mwenye vidonda ni wewe, halafu mwenye kosa ni mimi?"

Alisema kweli. Mimi nilijua nilivyokaa katika ndoa yangu. Yeye alijua alivyokaa katika yake. Karatasi ndiyo iliyosema kwamba mmoja wetu ni mwongo.

Alihamia nyumbani kwa mama yake, ng'ambo ya shamba. Mama mkwe ni mwanamke wa maneno machache na mikono mingi. Hakunitukana hata siku moja. Alichofanya ni kuja kumchukua Kendi asubuhi, akamwogesha kwenye karai lake, akamrudisha jioni ameshiba. Kikombe nilichonywea uji kwake kilianza kuwekwa peke yake, juu ya rafu, kimefunikwa. Nilikiona. Alijua nimekiona.

Baba mkwe hakuweza kuniambia jambo kama hilo uso kwa uso, maana kwetu mkwe na mkwe wana mipaka. Ujumbe wake nililetewa na mama mkwe, akiwa amesimama mlangoni bila kuingia.

"Mama Kendi, mzee amesema hivi. Kabla ya mvua za mwezi wa kumi, mtaapa. Wewe na Murithi. Beberu ameshatafutwa."

Kwa wasiojua, kiapo cha beberu si mchezo. Mbuzi huyo dume huvunjwa mfupa mmoja baada ya mwingine akiwa hai, na anayeapa husema, nikiwa nimesema uongo nivunjike hivi. Watu wetu wanaokwenda kanisani kila Jumapili bado huogopa kupita mahali kilipofanyika.

"Mama, sisi ni Wakristo," nikamwambia.

"Hata mzee ni Mkristo. Lakini anataka kujua."

"Na nikikataa?"

Aliangalia viatu vyake. "Ukikataa, ni kama umeshasema. Utarudi kwenu. Mtoto ni wa hapa."

Nilimwuliza Murithi atafanya nini. Akasema ataapa. Alisema bila kupepesa macho, na hapo nikaanza kushuku jambo jipya kabisa: kwamba huenda hakuna mwongo kati yetu. Nami nilikuwa tayari kuapa. Kama watu wawili wako tayari kuvunjika mifupa kwa neno moja, basi pengine tatizo liko kwenye neno lile la karatasi. Lakini kiapo kisingeniambia hilo. Tungeapa wote, tukanyamaza, na siku yoyote ambayo mmoja angeteguka mguu shambani, kijiji kizima kingesema, ndiye huyo. Nikaamua kwamba kabla ya beberu nitakuwa nimejua.

Likizo ya mwezi wa nane nilikwenda kwa mama yangu Kanja. Hakuniuliza kitu. Alinipa jembe na kitanda changu cha zamani. Wiki ya kwanza nikashikwa na homa, kutetemeka na kukohoa, maana Kanja mwezi wa nane ukungu hushuka kutoka Mlima Kenya na kukaa. Nikajitayarisha kwa mateso, kwa kuwa mhudumu wa Meru alikuwa ameniambia homa ndiyo huamsha vidonda. Mama alinipikia supu na kunifukiza kwa mvuke wa majani. Homa ilipanda, ikakaa, ikashuka. Vidonda havikuja.

Nilibaki nikisubiri. Nikajikagua asubuhi na jioni. Hakuna.

Nilipokuwa nimeshapona na nachuma majani ya chai, kaka yangu alikuja kutoka Embu mjini na tembe tatu mfukoni. "Meza, dada. Malaria hujificha kwenye ini, itarudi." Nilimeza ili kumridhisha. Sikuwa na homa hata chembe. Kabla jua halijazama, nikiwa natenga majani, duara la mkononi lilianza kuwasha. Niliutazama mkono. Ulikuwa unawiva mbele ya macho yangu, kama ndizi inavyobadilika rangi, ila kwa haraka. Na kule kwingine nako kukaanza kuwaka.

Niliweka kikapu chini. Mara ya kwanza: homa, tembe, kidonda. Mara ya pili na ya tatu vilevile. Mara hii ya homa bila tembe: hakuna. Tembe bila homa: kidonda. Nilirudia mfululizo huo kwa sauti mpaka mama akauliza nazungumza na nani.

"Na mkono wangu," nikamjibu.

Nilisikia kwamba katika hospitali moja ya misheni huja daktari wa ngozi kwa siku maalum. Nilidamka na kumkuta kila mtu amenitangulia. Kwenye foleni mama mmoja aliyejifunga leso mpaka puani aliniuliza, "Wewe ni ya nini?"

"Ngozi."

"Si sisi wote ni ya ngozi? Kuna mtu hapa amekuja bila?"

Benchi zima lilicheka, hata mzee mmoja aliyekuwa na bendeji kichwani. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kucheka kwenye foleni, na kwa mara ya kwanza nilikaa nikitazama barabara.

Daktari alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye sauti ya chini. Nilimsimulia kama ninavyokusimulia, kwa mpangilio. Hakunikatiza. Nilipomaliza hakusema nivue. Alisema, "Lete mkono." Aliligeuza lile duara kwenye mwanga wa dirisha. Sasa lilikuwa limenyauka, la kahawia iliyokoza, na mipaka yake imekatika sawasawa kama limechorwa.

"Hii hurudi palepale?"

"Palepale, daktari. Kama imewekewa alama."

Kisha akakagua kwingine, bila haraka, akanawa, akaketi.

"Ngozi yako haipatani na salfa," akasema. "Salfa imo kwenye zile tembe. Watu wengine mwili wao huichagua sehemu, na kila wakimeza, huungua sehemu ileile. Mdomoni, mkononi, na hapo chini. Wengi huambiwa ni ugonjwa wa zinaa."

"Lakini damu ilisema herpes. Ilisema kwangu na kwa mume wangu."

"Utotoni ulikuwa ukitoka malengelenge mdomoni?"

"Kila mtu kwetu hutoka. Tunasema malaria inatokea mdomoni."

"Hiyo siyo malaria. Hiyo ndiyo herpes. Kuna aina mbili, ni ndugu. Ya mdomoni hupatikana utotoni, kwa kubusiwa, kwa kulishwa. Ulipokuwa mchanga, nani alikutafunia chakula?"

"Nyanya yangu alinitafunia. Ndizi na viazi."

"Na mume wako?"

"Mama yake, nadhani."

Akafungua mikono yake miwili kama mtu anayeonyesha kwamba haina kitu. "Kipimo mlichofanyiwa hakitenganishi ndugu hawa wawili. Kinasema tu kwamba mmoja wao amewahi kupita. Nikiwapima wote walioko kwenye foleni hiyo nje, wengi watatoka na jibu kama lako, hata yule mzee. Karatasi yako haikudanganya, ila haikusema alichokuambia yule aliyekusomea."

"Kwa hiyo hatuna ile nyingine?"

"Hilo siwezi kukuapia. Sina kipimo hapa cha kukutolea jibu hilo. Ninachoweza kusema ni kwamba vidonda hivi si vya ugonjwa huo."

Nilitaka kulia, lakini nilikuwa na kazi. Nikamwambia kuhusu beberu. Nikamwambia nikirudi Laare na maneno matupu, watasema nimekwenda kumnunua daktari. Akasema kuna njia moja: ngozi ikishapoa kabisa, nije wodini, anipe kipande kidogo cha tembe mbele ya macho yake, na mume wangu awepo.

"Na unisikie vizuri," akaongeza. "Usijaribu nyumbani, wala usimruhusu mtu mwingine ajaribu. Wako wanaomeza salfa na ngozi ikabambuka mwili mzima. Wengine hufa." Nawe msomaji, nakuomba usikie hivyohivyo.

Nilimkuta Murithi sokoni Laare, katikati ya wanawake wanaofunga miraa kwa majani ya migomba. Nilisimama mbele yake bila kumwita pembeni.

"Unataka kuapa, au unataka kuona?"

Wale wanawake waliinua vichwa wote, mikono ikiendelea kufunga.

"Kuona nini?" akauliza.

"Njoo nami, utaona."

Alikuja. Mwishoni mwa mwezi wa tisa, zikiwa zimebaki siku chache tu kabla ya kiapo, tuliketi wodini mchana kweupe, mimi kitandani, yeye kwenye stuli, koti lake likinuka miraa. Daktari alinipa kipande cha tembe akaenda kwa wagonjwa wengine. Murithi aliukodolea macho mkono wangu kama mtu anayechunga chungu cha maziwa. Tulizungumza juu ya meno ya Kendi. Tulizungumza juu ya bei. Muuguzi alipita, akauliza kama tunangoja chai.

"Tunangoja mkono," Murithi akamjibu. Yule muuguzi akaenda zake haraka.

Wakati wa chakula cha mchana mkono ulikuwa bado mkono. Nikaanza kuogopa. Nikamwona naye anaanza kuogopa, kwa ajili yangu, na nikajua kwamba alitaka nishinde. Kisha ukaanza kuwasha. Nilinyoosha mkono juu ya blanketi na kumwachia macho yake.

"Inakuwa nyekundu," akasema taratibu. Halafu akaruka kutoka kwenye stuli. "Sista! Sista, kuja uone mkono wa bibi yangu! Umewiva!"

Wodi nzima iligeuka kumtazama mwanaume anayeshangilia upele.

Daktari alimweleza yote tangu mwanzo, hata lile la kipimo. Murithi alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa. "Na mimi?" akauliza. "Damu yangu nayo ilisema ndiyo." Akajibiwa kama nilivyojibiwa: yaelekea ni ile ya utotoni, lakini kuapa haiwezekani.

Tukirudi, tulitembea kutoka barabara kuu hadi nyumbani bila kuharakisha. Akasema, "Na kama tunayo hiyo nyingine?"

"Tutakuwa nayo wawili, na hatutajua ilikotoka."

"Mimi sijalala na mtu Nairobi."

"Nimekusikia."

"Kusikia si kuamini."

Nilisimama. Hakuna kipimo cha jambo hilo pia. Niliona kwamba nikingoja uhakika nitazeeka nikiungoja, na kwamba huyu ndiye mtu aliyekaa siku nzima akiutazama mkono wangu.

"Nimekuamini," nikamwambia. "Na wewe?"

"Mimi niliamini pale kwenye stuli, kabla haujawa mwekundu. Niliogopa tu wengine hawataamini."

Wengine walikuwa wanatungoja. Baba mkwe alikaa nje, ng'ambo ya ua, ambako angesikia bila kuonekana anasikia. Beberu alikuwa amefungwa kwenye mti wa mukinduri, anakula majani kwa amani. Murithi alimweleza mama yake, nami nikamwonyesha mkono, wekundu wake ukiwa bado mbichi. Mama mkwe aliushika, akaugeuza, akaligusa duara lile kwa kidole, kidole chake, bila kunawa baadaye.

"Hii ya dawa nimeelewa," akasema. "Lakini damu ilisema mnayo wote wawili. Hiyo ya damuni, nani aliileta?"

Murithi akanitazama nami nikamtazama.

"Mama," mwishowe nikasema, "daktari anasema wengi huipata wakiwa wachanga. Kwa kulishwa chakula kilichotafunwa."

Ng'ambo ya ua, baba mkwe alikohoa.

"Murithi nilimtafunia mimi," akasema mama mkwe. "Ndizi. Meno yake yalichelewa, na ilikuwa mwaka wa njaa." Akasimama, akajifunga leso upya kiunoni, akapaza sauti ili ifike ng'ambo ya ua. "Mzee! Kama ni kuapa, mlete huyo beberu hapa, niape mimi. Nilimtafunia ndizi, akaishi!"